'Chemirocha' si mwigo, ni utunzi
Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, alifariki mwaka wa 1933. Mnamo 1950, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis kule Kapkatet, Kericho, wakiimba 'Chemirocha', jina lilo hilo katika matamshi ya Kikipsigis. Uhakiki mwepesi huishia kustaajabu, eti santuri za Rodgers zilifika mbali! La hasha. Kukopa jina si kukopa utunzi. Mpiga gitaa huyo wamemgeuza kiumbe, nusu mtu nusu paa, wakamwimbia kwa kinubi chao. Ila sifa haikugawanywa sawa. Rodgers ana wasifu kamili. Kwenye rekodi katajwa Chemutoi Ketienya tu, wenzake ni 'wasichana'. Rekodi zilirudishwa Kapkatet mwaka wa 2015. Je, majina nayo?