Hasira ya Umma na Vipimo Viwili

Hasira ya umma juu ya matusi ya rangi ni jambo la kisiasa, na kila jambo la kisiasa lina tabaka linalofaidika nalo. Haya tunayasema darasani bila taabu. Taabu huanza tunapotakiwa kuyapima kwa mifano ya nyumbani, kwani hapo ndipo kada hodari wa kulaani ubeberu huanza kutabasamu na kusema kwamba yale yalikuwa mzaha tu. Katika makala hii tunakusudia kukihakiki kicheko hicho. Tunaandika tukiwa Sumbawanga, mji ambao jina lake limegeuzwa kuwa kichekesho katika nchi nzima, na kwa hiyo tunayo sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini zaidi kuliko wenzetu wa mahali pengine.

Tuanze na mwaka 2007, kwa kuwa mwaka ule ulitupa mifano mitatu kwa mfululizo.

Mwezi Januari, katika kipindi cha televisheni cha Uingereza kiitwacho Celebrity Big Brother, mwigizaji wa India, Shilpa Shetty, alitupiwa maneno ya dharau juu ya lafudhi na asili yake na Jade Goody na wenzake. Malalamiko zaidi ya 40,000 yalipelekwa kwa mamlaka ya utangazaji. Kampuni iliyokuwa ikidhamini kipindi ikajiondoa, na habari zikafika hata Bunge la nchi ile. Mtanzania aliyesoma habari hizo hakupata shida kujua nani mkosaji. Na kweli Goody alikosea. Lakini Goody alikuwa binti wa maskini wa London ambaye mwaka 2002 alifanywa mashuhuri na kipindi cha ukoo huo huo, akauzwa kwa watazamaji kama mfano wa ujinga wa watu wa chini. Wenye televisheni walimtoa matopeni kwa faida, na fedheha yake ilipokuja nayo pia iliwaongezea watazamaji. Hasira ilimwangukia yeye. Wenye mtambo waliendelea na kazi.

Mwezi Septemba mwaka huo huo, Richa Adhia, Mtanzania wa asili ya Kihindi, alitwaa taji la Miss Tanzania, akaenda kuiwakilisha nchi katika mashindano ya dunia huko Sanya, China. (Sisi hatuna mapenzi na mashindano hayo, ambayo nchi yetu iliyaacha katika miaka ya Azimio na kuyarejesha mwaka 1994, wakati milango mingine mingi ilipofunguliwa. Lakini hayo si mada yetu.) Kelele zilizozuka hazikuhusu kudhalilishwa kwa mwanamke. Zilihusu ngozi ya mshindi. Watu walisema hadharani kwamba Mhindi hawezi kuwa sura ya Tanzania, na waliosema hivyo hawakujiona wabaguzi hata kidogo. Walijiona wazalendo. Hakuna mdhamini aliyejiondoa kwa ajili ya maneno yale.

Kisha, mwezi Novemba, Richard Bezuidenhout wa Tanzania alishinda Big Brother Africa na kitita cha dola 100,000. Jina lake la ukoo ni la Kikaburu. Tena kabla ya ushindi wake yalikuwapo malalamiko makubwa, hasa kutoka Nigeria, juu ya mwenendo wake kwa mshiriki mwenzake wa kike katika usiku wa ulevi. Watayarishaji wakaamua kwamba hapakuwa na kosa, naye akaendelea. Sisi si mahakama ya jambo lile. Tunalotaka msomaji alione ni kwamba wengi wa wale waliouliza juu ya asili ya Richa hawakuuliza juu ya asili ya Richard. Alikuwa "kijana wetu". Miezi miwili tu ilipita kati ya taji na kitita, na kipimo cha Utanzania kilikuwa kimekwisha badilika.

Kwa nini kilibadilika? Jibu rahisi ni kusema kwamba watu ni vigeugeu. Jibu hilo halimfai kada. Katika fikra za mwananchi wa kawaida, sura ya Mhindi imeunganishwa na sura ya mwenye duka, na mwenye duka ni mnyonyaji anayeonekana kwa macho. Mkulima wa Laela au wa Namanyere anayeuza mahindi yake kwa bei ya kutupwa hamwoni mwenye benki wala soko la dunia; anamwona aliyesimama nyuma ya kaunta. Chuki yake ina chanzo cha kweli cha kiuchumi, ila imekosea shabaha. Azimio la Arusha lilitaifisha mabenki mwaka 1967, na sheria ya mwaka 1971 ikachukua majengo ya kupangisha. Halikutaifisha ngozi ya mtu. Wakati huo huo Amir Jamal, mtu wa asili ya Kihindi, ndiye aliyekuwa akishika Wizara ya Fedha na kuutetea uchumi wa nchi hii mbele ya mabeberu. Na kabla ya hapo, mwezi Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, Mwalimu Nyerere aliliambia Baraza la Kutunga Sheria kwamba uraia ukifungwa na rangi, yeye na Serikali yake watajiuzulu. Wiki chache kabla ya Uhuru alikuwa tayari kuuweka uongozi wake rehani kwa ajili ya haki ya watu wachache, ambao wengi wao walikuwa na mali kuliko wapiga kura wake. Huo ndio msimamo wa kitabaka. Ukishamtazama mnyonyaji kwa kazi anayoifanya katika uzalishaji, huna haja ya kuitazama rangi yake.

Asiyeshika msimamo huo huishia pabaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 neno "magabacholi" lilivuma kutoka katika mikutano ya Mchungaji Christopher Mtikila, na mwaka 1993 Dar es Salaam ilishuhudia watu wa asili ya Kiasia wakishambuliwa. Mabepari wakubwa hawakudhurika. Ubinafsishaji uliofuata ulipita juu ya vichwa vya waliokuwa wakirusha mawe, na wengine wao walipunguzwa kazi katika viwanda vile vile.

Sasa tugeukie upande wa pili wa mizani, yaani uhusiano wa neno na tendo. Hapa Marekani inatupa somo zuri. Donald Sterling, mwenye timu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles Clippers, alikuwa pia mwenye nyumba nyingi za kupangisha. Mwaka 2006 Serikali ya Marekani ilimshtaki kwa madai ya kuwabagua wapangaji weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwaka 2009 kesi ikamalizwa kwa mapatano ya malipo ya zaidi ya dola milioni 2.7. Dunia haikutikisika. Mwezi Aprili 2014 ikavuja sauti yake iliyorekodiwa faraghani akimkataza mwanamke rafiki yake asiwalete watu weusi kwenye michezo, na dunia nzima ikawaka. Chama cha mchezo kilimfungia maisha na kumtoza dola milioni 2.5. Timu ikauzwa kwa dola bilioni 2. Yeye alikuwa ameinunua mwaka 1981 kwa dola milioni 12.5. Ndugu msomaji, fanya hesabu mwenyewe uone adhabu ile ilikuwa ya namna gani. Familia iliyonyimwa chumba haikuwa habari. Neno lililoaibisha biashara ndilo lililokuwa habari, kwa sababu wadhamini walianza kukimbia.

Twaweza kusema basi kwamba katika nchi za kibepari neno huadhibiwa na tendo husamehewa. Je, kwetu ni tofauti? Tulifikiri hivyo mpaka tulipouchunguza mkoa wetu wenyewe.

Kuanzia mwaka 2007 hiyo hiyo, mauaji ya watu wenye ualbino yalipamba moto, kwanza katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mwana wa Mpimbwe, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, alisema kwamba wauaji wanaokutwa wakiua nao wauawe papo hapo. Maneno yale yalizusha ghadhabu, akaitwa kujieleza, akalia machozi Bungeni. Wanaotetea utawala wa sheria walikuwa na haki ya kumkosoa. Lakini tazama kilichotokea: kwa siku nyingi magazeti na vijiwe vilijadili kauli ya Waziri Mkuu na machozi ya Waziri Mkuu. Mjadala ukahama kutoka kwa waliokatwa viungo ukaenda kwa aliyelia. Mtu mashuhuri alikuwa amepatikana, na mtu mashuhuri hula nafasi yote.

Miaka minne baadaye zamu ikawa yetu. Kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari 2013 yalitokea mashambulizi manne nchini katika muda wa siku 16, na mawili kati yake yalikuwa hapa Rukwa. Katika kijiji cha Mkowe mwanamke alikatwa mkono akiwa nyumbani kwake usiku. Katika kijiji cha Msia mtoto wa miaka kumi alikatwa mkono akitoka shule. Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa alitoa tamko. Na vijiwe vya mijini vilisema nini? Vilisema yale yale vinayoyasema siku zote: "Si Sumbawanga hiyo? Wachawi hao."

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Jina la mji huu, kwa maelezo ya wazee wa Kifipa, lina maana ya kutupa uchawi. Mgeni alitakiwa autupe kabla ya kuingia. Wachekeshaji wa redioni na jukwaani wameligeuza jina hilo likawa kinyume chake kabisa: mji wa wachawi, wa radi za kutumwa na ungo wa kuruka nao. Watu wanaochekwa hivyo ni uzao wa wahunzi waliojenga malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, na kuitengeneza nchi yao majembe mpaka majembe ya kiwandani yalipokuja na ukoloni. Ni wakulima wa matuta ya kufukia majani, elimu ya rutuba waliyokuwa nayo kabla ya bwana shamba. Ukoloni haukujenga reli huku. Mikoa ya pembezoni kama hii iliwekwa kuwa ghala la manamba wa mashamba ya mkonge. Manamba alipofika Tanga alikuwa mshamba asiyejulikana, na asiyejulikana ni rahisi kuitwa mchawi. Kwa hiyo dhihaka juu ya Mfipa haikuanza na uchawi. Ilianza na mgawanyo wa kazi wa kikoloni, nasi tumeirithi pamoja na kasumba nyingine.

Tunajua tutajibiwa kwamba huo ni utani. Wanafunzi wetu wengi hutujibu hivyo. Lakini utani una kanuni zake. Watani hutukanana kwa zamu, kila upande una haki ya kujibu; na mmoja akifiwa, mtani huja msibani, hushika kazi na kuzika. Mchekeshaji wa Dar es Salaam anayeuza jina la Sumbawanga kwa tangazo la biashara hajawahi kukaa zamu ya kujibiwa na mwanamke wa Mkowe, wala hakuja kumpa pole. Huo si utani. Hiyo ni biashara ya upande mmoja, na inafanana mno na ile televisheni ya London.

Tena dhihaka hiyo ina kazi yake ya kitabaka, iliyo mbaya kuliko dharau yenyewe. Mtu mwenye ualbino ameitwa zeruzeru tangu zamani, neno la kumfanya mzuka badala ya mtu. Baada ya mwaka 2007 aliongezewa jina jingine mitaani: "dili". Neno hili linastahili kusomwa katika kila darasa la uchumi wa kisiasa, kwani ni ungamo la wazi kwamba mwili wa binadamu umekuwa bidhaa. Bidhaa ina bei, na bei ina mwenye uwezo wa kuilipa. Mwaka 2009 Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu liliripoti kwamba viungo kamili vya mtu mmoja vingeweza kufikia dola 75,000. Ni mkulima gani wa maharage wa uwanda wa Ufipa mwenye dola 75,000? Ni mganga gani wa bonde la Rukwa? Mkataji ni maskini, mganga ni dalali. Mnunuzi ni mtu mwenye mali, anayetafuta bahati katika mgodi, katika biashara au katika cheo.

Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli, na kufikia Machi polisi walikuwa wamewakamata zaidi ya 200. Hatua hiyo ilistahili. Lakini orodha ya wanunuzi waliofikishwa mahakamani umma haujaisoma, wala umma haukuidai kwa sauti ile uliyoitumia kuhoji ngozi ya Miss Tanzania. Na hauidai kwa sababu tayari unalo jibu. Jibu ni Sumbawanga. Kila mara kichekesho kile kinaporudiwa, hadhira inathibitishiwa kwamba mhalifu anakaa mbali, ni mshamba, ni Mfipa, anaruka na ungo. Na bwana aliyevaa suti safu ya mbele anacheka pamoja na wengine.

Katika semina moja hapa mkoani, mwanafunzi kutoka Nkasi alimwuliza mwenzake wa Dar es Salaam kama angekubali kichekesho hicho kisemwe na Mzungu, neno kwa neno, katika televisheni ya Ulaya. Yule mwenzake alisema hapana, tungeandamana. Akaulizwa tena tofauti iko wapi. Akasema atajibu baada ya chakula cha mchana, na mchana somo lililofuata lilikuwa la ushirika.