Starlet Iliyochezewa Vizuri Unaijuaje?

Ukipanga kwenda kuiona Starlet ya mtu, mpigie simu siku moja kabla umwombe kitu kimoja: asiiwashe mpaka ufike. Wauzaji wengi hupenda mteja aikute inanguruma, boneti juu, muziki umefunguliwa. Injini ikishapata moto huwa na adabu. Ya kwake mengi utayaona katika zile dakika za mwanzo, ikiwa bado baridi.

Nazungumzia Starlet mbili za mwisho: EP82, iliyotoka mwishoni mwa 1989 hadi 1995, na EP91 iliyoifuata mpaka Toyota ilipoleta Vitz mwaka 1999. Kwetu ziliingia kama mtumba kutoka Japani, nyingine zikipitia Dubai. Wanaopenda kuchezea magari wanazipenda kwa sababu zinazoeleweka. Ni nyepesi, EP82 za kawaida hazifiki hata kilo 900. Chini ya boneti kuna nafasi ya kuingiza mkono. Na spea bado zinapatikana Gerezani pale Dar es Salaam au Grogan kule Nairobi. Halafu kuna ndoto. Toyota ilitengeneza toleo la GT Turbo, lenye injini ya 4E-FTE ya cc 1331 inayotoa nguvu ya farasi 135, na kila mwenye Starlet ya kwenda sokoni huamini yake iko hatua mbili tatu kutoka hapo. Basi pesa na spana zinaanza kutembea.

Kipimo changu cha kazi nzuri ni kimoja. Je, fundi asiyemjua kabisa aliyefanya kazi hii anaweza kuifungua na kuirudisha bila kukata kitu, bila kuvunja kitu, na bila kumpigia mtu simu? Rangi, mlio na kasi vinakuja baadaye, na kwa maoni yangu mlio usije kabisa. Egzosi ya kuamsha mtaa mzima haijawahi kuongeza mwendo wa Starlet hata moja.

Anza na maji. Shika kwa kiganja mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda juu ya rejeta, kisha mwambie mwenyewe awashe. Mpira unatakiwa ubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu upate moto kwa mkupuo. Hapo themostati imefunguka. Ukisikia uvuguvugu mapema na joto likipanda polepole tu, themostati haipo. Gereji zetu zimeitoa kwenye magari mengi mno kwa hoja kwamba nchi ina joto, ya nini themostati? Hoja hiyo haina miguu. Bila themostati injini haifikii joto lake la kazi ukiwa barabara kuu, kompyuta inadhani bado asubuhi na inaendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Lakini kinachonishtua zaidi ni historia. Themostati hutolewa gari linapochemsha. Kuna mtu alikutana na ugonjwa akaondoa dalili, ugonjwa akauacha humo humo, nawe ndiye unayeuziwa.

Feni nayo ina habari zake. Ikianza kuzunguka mara tu ufunguo unapogeuzwa, imeunganishwa moja kwa moja, sensa imerukwa, na sababu ni ile ile. Fungua kopo la akiba uone rangi. Kijani au pinki safi ni kulanti. Kahawia ni maji ya bomba na kutu, na kama gari limeishi pwani kwenye visima vya chumvi, fikiria alumini ya silinda hedi imeliwaje. Sijawahi kuona Starlet yenye maji ya kahawia ambayo mengine yote yalikuwa mazuri.

Moshi usikuchukulie muda mrefu. Wa bluu unaotoka mara moja baada ya gari kukaa sailensi kisha mafuta yakakanyagwa ni sili za vali, kazi inayovumilika. Wa bluu unaoendelea muda wote unapovuta mzigo ni ringi, na hapo bei inaanza upya.

Sasa injini yenyewe. Ukiambiwa ina turbo, swali la kwanza ni turbo ilikuja na injini yake au ilifungwa kwenye injini iliyokuwapo. Injini ya kawaida, 4E-FE, inabana hewa mara 9.6, ile ya GT Turbo inabana mara 8.2 tu, na Toyota haikupunguza kwa bahati mbaya. Hewa inayosukumwa na turbo ikibanwa kupita kiasi inalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, pistoni zinavunjika kingo. Kununua injini ya GT Turbo kutoka Japani, ikiwa kamili na waya zake na kompyuta yake, ni ghali kuliko kuchukua turbo peke yake, na ndiyo maana wengi huchukua turbo peke yake. Aliyefanya kazi hii kwa akili amefunga pia geji ya presha ya turbo na geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, na anajua zinasoma ngapi akiwa anapanda mlima. Mwulize. Anayejua atakujibu kwa tarakimu, na atataka kukuonyesha; asiyejua atakuambia gari linakimbia balaa.

Angalia tundu la boneti pia. Kwenye GT Turbo halikuwekwa kwa urembo: linaelekeza hewa kwenye interkula iliyolala juu ya injini. Ingiza kidole. Ukikuta bati zima chini ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi, umeshamjua mwenyewe kidogo. Kinyume chake, interkula kubwa iliyosimamishwa mbele ya rejeta inaonekana ya maana sana kwenye picha, ila katika foleni ya mchana inaizibia rejeta hewa, kwa hiyo rudi ukaangalie tena habari ya maji.

Huku boneti iko wazi, tazama bolti kabla hujatazama vyombo vinavyong'aa. Bolti za Toyota ya enzi hizi karibu zote zinafunguliwa kwa spana namba 10, 12, 14 na 17. Ukikutana na namba 13, hiyo ilitoka kwenye gari la Kijerumani au kwenye kopo la mabaki, na aliyeiweka aliipoteza ya asili. Moja ni bahati mbaya. Nne kwenye mkono mmoja wa injini ni tabia. Vichwa vilivyoviringika kwa plaisi, vilevile. Silikoni iliyochuruzika nje ya maungio ya sampu au ya kifuniko cha vali nayo usiipite: kiasi unachokiona nje, kingine kama hicho kiko ndani, na kikikatika kinakwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Ukikuta mistari midogo ya rangi nyeupe imechorwa kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma, tulia. Huyo alikaza kwa kipimo, akaweka alama ili aone kama kuna kitu kinalegea. Watu wa namna hiyo ni wachache na magari yao hayakai sokoni.

Waya ndizo ninazozipa muda mrefu kuliko yote, kwa sababu huko ndiko fundi anaamini hutafika. Lala chali upande wa dereva, kichwa karibu na pedali, washa tochi. Waya za kiwandani zimefungwa pamoja kwa tepu isiyo na gundi au zimevalishwa mpira, na zinafuata njia moja. Zilizoongezwa zinaonekana haraka. Kazi ya hovyo ni waya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Kwa joto la Dar es Salaam gundi ya tepu inayeyuka baada ya msimu mmoja, tepu inafunguka yenyewe, na shaba inabaki uchi ikisubiri kugusa bati. Kazi ya maana imechomewa risasi au imebanwa kwa klipu yake, juu yake kuna kimpira kilichosinyazwa kwa moto, na kila waya inayotoka kwenye betri ina fyuzi yake karibu kabisa na betri. Fuatilia mahali waya inapotoboa ukuta kwenda kwenye injini. Tundu lina mpira wa kuilinda, au ni bati lililotobolewa kwa drili na kingo zake kali? Mtetemo wa barabara za vumbi unaisaga waya hapo taratibu. Fungua na boksi la fyuzi. Ukikuta fyuzi imevalishwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, funga, shukuru, ondoka.

Wengi hupenda Starlet iliyoshuka. Hata mimi naipenda, ila ishuke kwa haki. Piga jeki upande mmoja wa mbele mpaka tairi lining'inie, kisha ishike springi ujaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka au ikicheza kwenye kitako chake, ama ilikatwa, ama ni fupi iliyofungwa kwenye shokapu ndefu ya zamani. Tazama ncha zake: springi ya asili ncha inakaa kwenye mkunjo uliotengenezwa kuipokea, iliyokatwa ina ncha iliyo wazi isiyolala popote. Kama karibu na ncha chuma kimegeuka samawati, ilikatwa kwa gesi, na moto umekilegeza. Springi fupi za dukani huenda na shokapu fupi, na gari bado linapita matuta bila kugonga chini. Lipitishe kwenye tuta moja ukiwa na mwenyewe ndani. Uso wake utakuambia kama huwa analipita au huwa analizunguka.

Rimu za Starlet ni za matundu manne kwa kipimo cha milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 54.1. Za Honda nyingi ni 56.1 na za Golf ni 57.1, kwa hiyo zinaingia vizuri kwenye bolti huku katikati zikielea. Bila ringi ya kujaza ule mwanya, usukani utatetemeka ukifika mwendo wa safari, na utaambiwa ni balansi. Saizi ya tairi unaweza kuipigia hesabu mwenyewe: 165/70R13 ina kipenyo cha milimita 561 hivi, 195/50R15 ina 576. Tofauti inaonekana ndogo, lakini fenda inaijua. Pitisha vidole ndani ya fenda ya nyuma utafute mahali tairi linapokwaruza. Tarakimu nne ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Rimu za gharama juu ya matairi yaliyozeeka ni jibu tosha kuhusu vipaumbele vya mtu.

Breki, kwa haki, zingetakiwa kuguswa kabla ya injini, na ni nadra ziguswe. Oili yake inavuta unyevu hewani, na kwetu pwani unyevu haukosekani. Ikiwa nyeusi kama kahawa haijabadilishwa miaka. Mipira ya breki iliyopasuka pasuka chini ya injini iliyoongezwa nguvu ni kosa nisilolisamehe.

Bodi pima kwa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Inaponata na inapokataa kunata utajua puti iko wapi. Angalia rangi iliyorukia mipira ya vioo, na matone ya asili ya kuchomelea sakafuni mwa buti, chini ya zulia. Yasipokuwapo, sehemu hiyo iliwahi kubadilishwa. Kisha chukua kadi ya gari, linganisha namba ya injini na ile iliyopigwa ubavuni mwa bloki, na rangi iliyoandikwa na hiyo unayoiona. Aliyebadilisha injini na kuacha kadi vilevile amekuuzia na safari ya kwenda kupanga foleni ofisini.

Ukifika kwenye bei, usizungumzie alivyoongeza. Uliza alivyotoa viko wapi: springi za mwanzo, boksi la chujio la hewa, usukani, redio, vifuniko vya plastiki. Mchezeaji mzuri anavyo kwenye gunia stoo, na atavitoa. Akisema alivitupa, kata bei ya springi, utazipata nyingine Gerezani. Boksi la hewa kata zaidi, maana zima lisilopasuka klipu utalitafuta sana.