Mtindo wa Maisha

Kuna bango ukutani katika zahanati moja huku Temeke ambalo limeniudhi kwa muda mrefu. Linasema presha na kisukari ni magonjwa ya mtindo wa maisha: tule mboga na matunda, tupunguze chumvi, tufanye mazoezi. Ushauri ni sahihi. Ninachokikataa ni neno "mtindo", kana kwamba maradhi ni vazi ambalo mtu amejichagulia dukani.

Jirani yangu wa Mbagala ni mhamiaji kutoka Morogoro vijijini. Kwao alishika jembe tangu alfajiri. Hapa mjini analinda ghala, usiku kucha yuko kitini, na chakula anachokimudu karibu na lindo lake ni chipsi. Tena hayuko peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliohama vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam. Katika mwaka mmoja tu uzito wao uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, na shughuli za kutumia nguvu zilipungua sana. Je, hao wote walichagua mtindo, au walifuata kazi?

Mwaka jana jirani huyo alipooza mkono. Vidonge vya presha alikuwa akivimeza mwanzo wa mwezi, hadi mshahara ulipokwisha. Habari hizo bango halizijui. Lingefaa libandikwe jingine ofisini kwa mwajiri wake, nalo lizungumzie malipo, zamu na matibabu.