Kijiti Ndani ya Injini: Turbo na Supachaja Zilivyopokezana

Anayesikia kwamba Lancia Delta S4 ya mwaka 1985 ilifungwa turbo na supachaja kwenye injini moja hudhani haraka kwamba Waitaliano walikuwa na uchu wa nguvu, wakaona moja haitoshi. Historia ya mbio zenyewe inaikataa dhana hiyo. Peugeot 205 Turbo 16, gari lenye injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 1,775 dhidi ya 1,759 za Lancia, lilikuwa na turbo tupu, na mwaka huohuo lilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika rali. Nguvu, basi, ilikuwa inapatikana kwa turbo peke yake. Walichokuwa wanakitafuta Lancia ni muda: ule mwanya kati ya dereva kukanyaga mafuta na gari kuitika. Hoja yangu ni kwamba mfumo huu hauelezeki kwa kujumlisha mashine mbili. Unaeleweka ukiutazama kama mbio za kupokezana kijiti, ambamo kazi ngumu kuliko zote ni pale mikono miwili inapokutana.

Turbo inaendeshwa na moshi. Gesi zinazotoka kwenye silinda kuelekea ekzosi huzungusha tabo, na tabo, kwa kuwa imeungwa kwa mhimili mmoja na feni ya upande wa pili, husukuma hewa kuingia kwenye injini. Ni nguvu iliyookotwa kutoka kwenye kitu ambacho kingetupwa, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Lakini injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini moshi ni kidogo, na turbo iliyo kubwa kiasi cha kuilisha injini ikiwa juu kabisa ni nzito mno kuamshwa na moshi huo. Dereva anakanyaga mafuta akitoka kwenye kona, hapati kitu, kisha anapata kila kitu kwa mpigo. Supachaja haina ugonjwa huo, kwa sababu mkanda unaiunganisha moja kwa moja na krankshafti: injini ikizunguka, nayo inazunguka. Ubaya wake ni kwamba inakula kutoka kwenye chungu kilekile inachokipikia. Nguvu ya kuizungusha inatoka kwa injini, na kadiri mizunguko inavyopanda ndivyo ulaji huo unavyozidi, huku hewa inayotoka ikizidi kuwa moto. Lancia waliyajua yote mawili kwa vitendo. Gari lao la awali, 037, lilitumia supachaja tupu na kutwaa ubingwa wa watengenezaji mwaka 1983, likiwa gari la mwisho linaloendeshwa na magurudumu mawili kufanya hivyo.

Kwa nini basi hawakutumia injini kubwa tu, yenye moshi wa kutosha tangu chini? Jibu liko kwenye kanuni za Kundi B, kundi la magari ya rali ambamo Lancia na Peugeot walishindana. Injini yoyote iliyosukumiwa hewa ilihesabiwa ujazo wake mara 1.4, na ujazo huo ndio uliopanga uzito wa chini kabisa ulioruhusiwa. Zidisha 1,759 kwa 1.4 unapata takriban 2,463, chini kidogo ya mpaka wa 2,500, ambako gari liliruhusiwa kushuka hadi kilo 890. Ukivuka mpaka huo unaingia daraja la 3,000, la kilo 960. Injini ndogo ilikuwa njia ya kuwa mwepesi. Ila injini ndogo inayotakiwa kutoa nguvu kubwa inahitaji turbo kubwa, na turbo kubwa ndiyo inayochelewa. Supachaja ilikuwa bei ya wepesi. Na kuna kichekesho kidogo hapa ambacho huenda wahandisi wa Lancia walikifurahia: kanuni iliuliza tu kama hewa inasukumwa, haikuuliza inasukumwa na mashine ngapi.

Namna ya kupokezana inaonekana vizuri zaidi kwenye gari la watu wa kawaida, Volkswagen Golf GT ya mwaka 2005, yenye injini ya lita 1.4. Humo hewa hupita kwanza kwenye supachaja, kisha kwenye turbo, kisha kwenye kipoza hewa kabla ya kuingia silinda. Kwa kuwa mashine zimepangwa mfululizo, presha haijumlishwi, inazidishwa. Moja ikiongeza mara 1.5 na nyingine mara 1.6, matokeo ni mara 2.4, wala hakuna iliyojichosha. Volkswagen walieleza kwamba kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika mfumo huo uliweza kufikisha takriban baa 2.5, presha ya kawaida ya hewa ikiwa ndani ya hesabu, wakati turbo peke yake ingeishia kwenye baa 1.3 hivi. Mzunguko ukiwa chini ya 2,400, dereva akidai nguvu, klachi ya sumaku huifunga supachaja na mkanda. Kati ya hapo na 3,500 huitwa tu ikihitajika, kwa mfano dereva akikanyaga ghafla. Juu ya hapo huachiliwa kabisa, na kibamba kwenye njia ya hewa hufunguka ili hewa ielekee turbo bila kuipitia.

Kibamba hicho, kipande ambacho hakuna anayekipiga picha, ndicho kinachobeba mfumo mzima. Kikifunguka mapema, presha inaanguka na gari linakuwa kama limevuta pumzi katikati ya mwendo; kikichelewa, injini inaendelea kuilipia supachaja isiyohitajika tena. Kwa hiyo hufunguka taratibu, kwa amri ya kompyuta, turbo ikipanda. Tena supachaja haiishii kushika nafasi: hewa ya ziada inayoingiza inaruhusu mafuta zaidi kuungua, moshi unaongezeka, na moshi huo ndio unaoiamsha turbo mapema. Inamlea mrithi wake.

Sasa pingamizi. Mtu atasema Peugeot walishinda tena mwaka 1986, na turbo yao moja. Ni kweli, lakini ubingwa ni kipimo kibovu cha kipande kimoja cha gari. S4 ilipoingia uwanjani kwa mara ya kwanza, kwenye rali ya RAC ya Uingereza Novemba 1985, Henri Toivonen alikuwa wa kwanza na Markku Alén wa pili, na Toivonen akashinda tena Monte Carlo. Tarehe 2 Mei 1986 Toivonen na msomaji ramani wake, Sergio Cresto, walifariki katika ajali huko Corsica, na Kundi B likapigwa marufuku kuanzia msimu uliofuata. Matokeo ya rali ya Sanremo ya mwaka huo nayo yalifutwa. Msimu wa namna hiyo hauwezi kuuhukumu mkanda na tabo. Linalonisumbua zaidi ni jambo la Kenya: kwenye Safari Rally ya 1986 Lancia walileta 037, ile ya supachaja tupu, na Alén akamaliza wa tatu nyuma ya Toyota Celica mbili. Kwenye maelfu ya kilomita za vumbi na matope, kila kipande kinachoongezwa ni kipande kinachoweza kuharibika.

Pingamizi zito linatoka Volkswagen kwenyewe. Mwaka 2012 walileta injini mpya ya lita 1.4 yenye turbo tupu, ikitoa torki ya nyutoni-mita 250 kuanzia mizunguko 1,500, wakati ile ya mashine mbili ilitoa 240 kuanzia 1,750. Inaonekana kama hukumu ya mwisho. Tazama takwimu za nguvu, hata hivyo: injini mpya ilikuwa na nguvu farasi 140, ya zamani 170. Kwa lita moja ni 100 dhidi ya 121. Turbo ndogo huamka mapema kwa sababu haikudaiwa mengi huko juu. Mwanya wa kuitika haukuzibwa na uhodari pekee; ulizibwa pia kwa kupunguza madai. Madai yakirudi, mashine mbili zinarudi: Volvo walipotaka nguvu farasi 320 kutoka lita 2 za XC90, karibu 160 kwa lita, walifunga turbo na supachaja pamoja.

Kilichobanduka baadaye ni mkanda. Kwenye Audi SQ7 ya mwaka 2016, injini ya dizeli ya lita 4 yenye turbo mbili iliongezewa kompresa inayoendeshwa na mota ya umeme wa volti 48, yenye uwezo wa kufikia mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde, na torki ya nyutoni-mita 900 ikapatikana tangu mizunguko 1,000. Hakuna klachi ya sumaku, hakuna kinachoilemea krankshafti moja kwa moja. Kibamba cha kuipita kompresa, hata hivyo, bado kipo.