Nimejifunika Shuka Mwezi wa Pili!

Nimejifunika shuka! Mwezi wa pili, Dar es Salaam, upepo umekata, kuta za chumba zimeshinda zikichomwa na jua, nami saa nane za usiku naamka kupapasa miguuni nitafute shuka. Jamani, mara ya mwisho kusikia baridi ndani ya nyumba hii ilikuwa lini? Siku nne sasa ninaishi na kiyoyozi cha magurudumu, na siwezi kusubiri mwezi uishe ndipo niwaeleze.

Kwanza kilivyo. Kinanifika kiunoni, uzito wake kama kilo 30, nguvu BTU 12,000, na mgongoni kina mabomba mawili manene yanayokunjuka. Hakuna kutoboa ukuta, hakuna kumwita fundi wa gesi, hakuna kumwomba mwenye nyumba ruhusa. Siku ya kuhama unakisukuma hadi mlangoni, unaondoka nacho. Sisi wapangaji tumekosa kitu cha namna hii miaka mingi!

Usiku wa kwanza niliweka kipimajoto juu ya kabati. Saa tatu kamili kilisoma nyuzi 31. Nikabonyeza rimoti, nikakaa kitandani nikikitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Saa nne kasoro robo: 26! Lakini habari kubwa haikuwa namba ile. Habari ilikuwa ngozi yangu. Fukuto lilikuwa limeondoka. Mto haukunata shavuni. Shuka lilikuwa kavu, kavu kabisa, kama limeanuliwa kambani sasa hivi.

Mnaokaa pwani mnanielewa. Mwili hujipoza jasho linapokauka, na hewa yetu ya kaskazi imeshiba unyevu kiasi kwamba jasho halina pa kwenda. Feni inatuzungushia hewa ileile. Kiyoyozi hupitisha hewa hiyo kwenye koili baridi, na unyevu unageuka matone, kama yale yanayotokea nje ya glasi ya maji baridi. Mwaka 1902 Willis Carrier alipobuni mfumo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, shida iliyompeleka ilikuwa hiyohiyo: karatasi zilivimba kwa unyevu na rangi hazikukaa mahali pake. Kukausha hewa ndiyo kazi iliyokizaa kiyoyozi, na ndiyo kazi ambayo Dar inaihitaji kuliko nyingine yoyote!

Sasa mabomba mawili, maana hapa ndipo nilipopenda kabisa. Viyoyozi vingi vya aina hii vina bomba moja. Vinachukua hewa ya chumbani, vinaibebesha joto, vinaitupa nje. Chumba kinabaki na pengo, na pengo hilo linazibwa na hewa ya moto inayopenya chini ya mlango na kwenye kila upenyo. Vinapoza, ndiyo, lakini sehemu ya kazi yao ni kuteka maji kwa pakacha. Chenye mabomba mawili huvuta hewa ya nje kwa bomba moja, huibebesha joto, na kuirudisha nje kwa la pili. Ubaridi wenu mnabaki nao. Kama fedha inaruhusu, usisite!

Dukani kuwa macho. Kariakoo nilionyeshwa feni za maji zikiitwa AC, kwa bei tamu. Kipimo ni chepesi: kama hakina bomba la kutoa joto nje, hicho si kiyoyozi. Feni ya maji hupoza kwa kuongeza unyevu. Dodoma, ambako hewa ni kavu, itakusaidia, lakini Dar itakuongezea fukuto. Chumba cha futi 12 kwa 12 kinatosheka na BTU 9,000; sebule, au chumba kinachopigwa jua la jioni chini ya bati, nenda 12,000. Ukikuta boksi lina namba mbili za BTU, amini ile ndogo.

Nilikileta kwa kirikuu, kimesimama wima. Kikilazwa njiani, mafuta ya kompresa huhama, kwa hiyo kisimamishe siku nzima kabla ya kukiwasha. Dirisha letu ni la aluminiamu la kusukuma. Seremala alikata kipande cha plaiwudi chenye matundu mawili, tukaziba nyufa kwa sponji, na mabomba yakapita katikati ya nondo. Yaache mafupi na yaliyonyooka. Kichomeke kwenye soketi ya ukutani peke yake, kamwe usitumie ekstensheni, maana waya mwembamba ukipata moto utaunguza nyumba. Chujio lioshe kila wiki mbili.

Kinanguruma, naam. Kompresa iko nanyi chumbani, na usiku wa kwanza mke wangu aligeukageuka kwa saa nzima. Usiku wa pili hakuusikia tena mngurumo huo.

Na umeme wa LUKU? Nilisoma mita kabla ya kulala na baada ya kuamka: uniti 7 kwa saa tisa. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, karibu shilingi 360 kwa uniti, ni kama shilingi 2,500 kwa usiku. Aliye kwenye bei nafuu ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi ajue kwamba siku kumi na moja tu zitamvusha mpaka huo. Mimi nakiweka 26 na feni ikizunguka taratibu, na milango imefungwa. Nimeshaamua: miezi ya kaskazi nitailipia, na kipupwe kikiingia kitapumzika kwenye kona yake.

Maana tuna mtoto wa miezi saba. Tangu Desemba harara zilimjaa shingoni na mgongoni, na usiku tulimbeba kwa zamu kibarazani, tukimpepea kwa mfuniko wa ndoo, hadi adhana ya alfajiri. Jana asubuhi nilimwaga maji yaliyokusanyika usiku, nusu ya ndoo ya lita 10, maji yote hayo yalikuwa kwenye hewa tuliyomlaza ndani yake! Nikarudi ndani kumtazama. Shingo ilikuwa laini, vipele vimeanza kunyauka. Adhana ilikuwa imekwisha zamani, naye bado amelala.