Ufundi wa Kujilaza Mchana

Usiku kila mtu hulala; usingizi wenyewe humchukua. Kulala mchana na kuinuka ukiwa mwepesi ni ufundi, na wanaoujua wanastahili kusifiwa kama tunavyomsifu seremala anayejua wapi aache kupiga randa.

Mafundi ninaowastahi mimi ni wenye maduka wa Mji Mkongwe, Unguja. Adhuhuri ikishaswaliwa na wali ukishaliwa, milango hurudishwa. Kuna mzee mmoja muuza vitambaa niliyemwangalia kwa makini. Hapandi ghorofani kwenye godoro. Anatandika mkeka palepale nyuma ya meza ya kuuzia, mkabala na dirisha la uani linaloingiza upepo. Anavua saa, anafungua kifungo cha kanzu, anaweka chini ya kichwa mto wa sufi uliokwisha kuwa mgumu, analalia ubavu wa kulia na kujifunika macho kwa kofia. Siku ambayo usingizi haumjii hahangaiki. Anatulia vivyo hivyo, macho amefumba. Muda si mrefu anajinyoosha, anaketi kwanza, ananawa uso, ndipo anasimama. Alasiri ikiadhiniwa tayari anapima kitambaa na kutaja bei bila kusita.

Waislamu wa pwani huuita usingizi huu kailula, na ni sunna. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inautaja wakati wa adhuhuri, watu wanapovua nguo zao, kuwa miongoni mwa nyakati tatu ambazo hata mtoto wa nyumbani sharti aombe ruhusa kabla ya kuingia. Mapumziko hayo yamewekewa heshima ya hodi! Ndiyo maana huniuma kusikia mtu aliyejilaza saa nane mchana akiitwa mvivu. Kati ya saa saba na saa tisa mwili hulegea wenyewe, hata kwa ambaye hajatia kitu tumboni. Chakula huzidisha tu.

Siri yote iko katika kuamka. Dakika 20 za mwanzo usingizi huwa mwepesi, na mtu hutoka humo bila taabu. Ukipita nusu saa unaanza kuzama, na atakayekuamsha huko chini atakuamsha na mang'amung'amu: kichwa kizito, ulimi mkavu, hujui kama kumekucha au kumekuchwa. Hapo watu huulaumu usingizi wa mchana, kumbe kosa ni la kipimo. Mwenye nafasi ya dakika 90 hivi anaweza kuumaliza mzunguko mzima na kuibuka salama, lakini wangapi wana nafasi hiyo? Mkeka wa yule mzee una kazi yake basi: unapumzisha mgongo bila kuubembeleza. Na asiyelala mapema aache kabisa, maana anayejilaza saa kumi na moja jioni ataulipia usingizi huo usiku.

Ufundi huu umepimwa hata angani. Mwaka 1994 shirika la anga la Marekani, NASA, lilitoa ripoti kuhusu marubani wa safari ndefu za kuvuka Pasifiki. Kundi moja liliruhusiwa kupumzika kwa zamu, dakika 40 kila mmoja, wenzao wakiongoza ndege. Kwa wastani walilala dakika 26. Kundi lingine halikupewa ruhusa hiyo. Katika dakika 30 za mwisho, ndege ikiteremka kutua, vipimo vya ubongo na macho vilinasa dalili 22 za kusinzia kwa wale wasiopumzika. Kwa waliolala haikuonekana hata moja.

Nawaza hayo kila nipandapo basi la mchana. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, Reyner na Horne, walionyesha kwamba dereva mwenye usingizi husaidika zaidi akinywa kahawa kisha akajilaza papo hapo kwa muda usiozidi dakika 15. Kahawa huchukua kama nusu saa kuamsha mwili, kwa hiyo humkuta akiwa ameshainuka. Ndugu dereva wa lori au basi, macho yakianza kuwa mazito usiwashe redio wala usifungue dirisha ukadhani yamekwisha. Tafuta mahali salama, egesha, kunywa kahawa yako, tega simu ikuamshe, ulale. Na wewe mwenye gari, usimkate mshahara kwa dakika hizo.