Mwenye Habari na Mwandishi wa Habari: Maoni Juu ya Maandishi Yahusuyo Warimi wa Singida

Katika zama zetu umezuka ubishi mkali juu ya haki ya kueleza habari za watu. Wako wasemao kwamba mtu wa rangi moja hana ruhusa ya kusimulia maisha ya watu wa rangi nyingine; kwamba mwanamume hafai kuandika mambo ya wanawake; na kwamba aliyezaliwa katika nafasi ya upendeleo, achukuapo ngoma, jina au hadithi ya wasio na nafasi hiyo, ni mnyang'anyi hata akiwasifu. Wako wengine wajibuo kwamba elimu haina kabila wala jinsia, na kwamba habari iliyofungiwa katika mpaka wa damu hufa pamoja na wenyewe. Ubishi huu aghalabu huendeshwa kwa mifano ya Ulaya na Marekani. Nia ya makala hii ni kuupima kwa mfano wa nyumbani, yaani maandishi yaliyotungwa juu ya Warimi, waitwao pia Wanyaturu.

Yafaa tuanze na majina, maana kumpa mtu jina ni hatua ya kwanza ya kumtawala au kumheshimu. Issuna ni kata ya wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida, kando ya barabara kuu itokayo Manyoni. Hati ya jina hilo yatosha kuwa somo. Hati sanifu ya Kiswahili haiandiki s mbili. Kijerumani huziandika, kwa kuwa katika lugha hiyo s moja kati ya irabu husomwa z; ndiyo desturi iliyotuletea Nyassa katika ramani za kale. Nyassa imekwisha kusahihishwa, walakini Issuna ingali ikiandikwa kwa s mbili. Umbo hilo ni la kalamu iliyozoea lugha za Ulaya, na wenyeji wamelipokea wakalifanya lao.

Jina la watu wenyewe lina historia ndefu zaidi. E. von Sick, afisa wa utawala wa Kijerumani, alichapisha mwaka 1915 katika jarida la Baessler-Archiv maelezo aliyoyaita *Die Waniaturu (Walimi)*. Tazama anwani hiyo. Kiambishi wa- ni cha Kiswahili. Wenyewe hujiita Arimi. Tena sauti ya r imegeuka l, na msomaji wa Kiswahili mara moja husikia kitenzi -lima. Ni dhahiri kwamba jina hilo lilimfikia Mjerumani likiwa limevikwa vazi la Kiswahili. Basi sisi tutumiao lugha hii tusijitoe katika hesabu ya upendeleo. Twapenda kusema kwamba walioandika habari za bara walikuwa Wazungu. Hatupendi kukumbuka kwamba mara nyingi neno lilipita kwanza katika lugha yetu, nasi tukalipunguza au kuliongeza tulivyotaka.

Baada ya Wajerumani, Waingereza. A. W. Wyatt aliandika mwaka 1950 katika *Tanganyika Notes and Records* juu ya mauaji ya Singida yaliyosemwa kuwa ni ya watu-simba. Mwaka 1962, katika jarida lile lile, Mmarekani Harold K. Schneider aliipima upya habari hiyo. Kusahihishana kwa wanachuoni ni jambo jema. Lakini angalia namna majadiliano yalivyokwenda: mgeni alisema, mgeni akajibu, na lugha ya wote wawili ilikuwa Kiingereza. Watu ambao ndugu zao waliuawa walikuwa mada ya majadiliano, hawakuwa washiriki wake.

Hata hivyo haki ya Schneider isidhulumiwe. Kitabu chake cha mwaka 1970, *The Wahi Wanyaturu*, chamweleza mfugaji kuwa mtu ahesabuye mali na kuipima nafaka kwa ng'ombe, na ng'ombe kwa nafaka. Kwa njia hiyo aliipinga dhana ya kale kwamba Mwafrika hupenda mifugo kwa upofu wa mila. Kabla ya hapo, mwaka 1966, aliandika makala nzima juu ya mawazo ya Warimi kuhusu uzuri, akionyesha kwamba wanayo maneno yao wenyewe ya kuuchambua. Mtu wa rangi nyingine ndiye aliyeyaandika hayo, nayo yana faida. Anayeyatupa kwa sababu ya rangi ya mwandishi atupa pia mali ya Warimi iliyomo ndani yake.

Sasa tugeukie wanawake. Warimi walikuwa na ibada ya wanawake iitwayo imaa, ambayo wanaume hawakuruhusiwa kuiingia. Kanuni ya damu ingempa kila mwanamume Mrimi haki ya kuisimulia, maana ni ya kabila lake. Lakini wanawake wenyewe walimfungia mlango. Marguerite Jellicoe, Mzungu, mtungaji wa *The Long Path* kilichotolewa Nairobi mwaka 1978, alikuwa mgeni wa rangi, lakini hakuwa mgeni wa jinsia. Nani kati ya hao wawili ni mwenyeji? Jibu lategemea swali liulizwalo. Uenyeji hauji wote kwa pamoja: mtu huwa ndani kwa upande mmoja, na nje kwa upande wa pili.

Jellicoe huyo huyo aliandika mwaka 1969 juu ya upinzani wa Wanyaturu dhidi ya utawala wa Kijerumani. Masimulizi ya wenyeji juu ya upinzani huo humtaja mwanamke, Liti, aliyewapiga adui kwa nyuki. Leo uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, waitwa Liti. Ni heshima kubwa, lakini jina lililoandikwa ukutani si maelezo. Mtazamaji wa mpira aweza kulitamka kila juma asijue kwamba ni la mwanamke. Hapa ipo hatari ambayo wabishi huisahau: wenyeji pia waweza kulitwaa jina na kuiacha habari.

Kwa maoni yangu, basi, swali la "wewe ni nani?" ni halali, lakini halitoshi. Lipo swali la pili lililo zito zaidi: je, aliyeandikwa aweza kulisoma andiko na kulijibu? Kwa kipimo hiki maandishi yote niliyoyataja yana upungufu mmoja, mabaya na mazuri sawasawa. Yaliandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Mtu wa Issuna aliyesomea darasa lake kwa Kiswahili hakuandikiwa yeye. Dhuluma haikuwa mgeni kuuliza. Ilikuwa jibu kwenda njia moja lisirudi.

Mfano wa njia bora upo. Howard S. Olson, mmisionari wa Kilutheri, ndiye aliyeandika mwaka 1964 tasnifu juu ya fonolojia na mofolojia ya Kirimi. Baadaye aliutia katika Kiingereza wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, *Mfurahini, Haleluya*. Wimbo huo umefika katika vitabu vya nyimbo vya nchi za mbali, na jina la Kyamanywa limefika nao. Mfasiri hakummeza mtungaji.

Wajibu wa vyuo vya uchunguzi wa Kiswahili ni kuyatafsiri maandishi haya, na kuchapisha katika juzuu hiyo hiyo majibu ya Warimi, wanawake kwa wanaume. Mfasiri atakutana na mtego mmoja wa lugha. Kiingereza na Kijerumani hutofautisha mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi. Kiswahili husema "alimwuliza" tu, na msomaji hajui kama mwanamume alimwuliza mwanamke au kinyume chake. Katika habari kama ya imaa hilo ndilo jambo la kwanza kulijua, kwa hiyo hapana budi litajwe wazi. Maneno ya Kirimi nayo yabaki kwa sauti zake, yasilainishwe ili yatuelee sisi. Tukiyafanya hayo, ubishi juu ya nani aseme utapata mahali pa kuamuliwa, na wenye habari watakuwa miongoni mwa waamuzi.